Mashindano ya Theluji: Kwa Baisikeli na kwa Miguu Hadi Nome

Yako mashindano ambayo mshindi wake hapewi kitita cha fedha, wala hakuna uwanja uliojaa watu wa kumshangilia, na aghalabu anapofika mwisho wa safari huwa ni usiku wa manane, mji mzima umelala, naye huutafuta mlango wa nyumba ya watu akabisha hodi. Mashindano hayo hufanyika kila mwaka katika Alaska, lile jimbo la Marekani lililojitenga mbali kaskazini, na kwa desturi huanza Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Februari. Washiriki, wanaume kwa wanawake, huenda kwa baisikeli, au kwa miguu, au kwa skii, yaani zile mbao nyembamba zinazofungwa viatuni kwa kutelezea juu ya theluji. Masafa makuu ni mawili ya kuchagua. La kwanza ni maili 350, ambazo ni kama kilomita 560, kutoka ziwa la Knik mpaka mji mdogo wa McGrath. La pili ni maili 1,000, kilomita 1,600 na zaidi, mpaka Nome, ufukweni mwa bahari ya Bering. Jina lake ni Iditarod Trail Invitational.

Huenda msomaji ukauliza, na ni haki yako kuuliza, mtu wa Mombasa aliyezaliwa na kulelewa kwenye joto la kaskazi ana haja gani na habari hizi. Mimi mwenyewe sijapata kuigusa theluji kwa mkono wangu, isipokuwa ile inayokusanyika pembeni mwa friji. Lakini miaka kadhaa iliyopita mpwa wangu anayefanya kazi Marekani aliniletea ramani katika simu, akaniambia, "Mjomba, zitazame hizi nukta. Kila nukta ni mtu." Nikatazama. Palikuwa na ramani nyeupe isiyo na barabara, isiyo na mji, na juu yake nukta ndogo zenye herufi za majina, zimefuatana kama sisimizi. Kila mshindani hubeba kijidude kinachopeleka habari angani kwenye setilaiti, nacho humwambia yeyote atakaye kujua kwamba fulani yuko mahali fulani saa hii. Tangu siku ile, ikifika mwisho wa Februari, mimi ni mateka.

Kuna jambo moja lililonirahisishia kazi, nami nalieleza kwa sababu linapendeza. Baina yetu na Alaska wakati wa baridi ni saa 12 kamili. Basi saa yangu ya mkononi husema kweli huku na huko: saa tatu yangu ya asubuhi ndiyo saa tatu yao ya usiku wa kuamkia siku hiyo. Mashindano huanza saa nane za mchana kwao, na kwetu ni saa nane za usiku. Nikitoka msikitini baada ya alfajiri, wao wanaingia katika usiku wa kwanza. Mimi nakwenda kununua mahamri, na mtu anaukata mto Susitna ulioganda, peke yake, taa imefungwa kichwani. Mambo haya huendelea hivyo hadi wiki ya pili ya Machi, ambapo Wamarekani husogeza saa zao mbele na hesabu ikaharibika.

Kwanza niseme juu ya njia yenyewe, maana wengi hudhani ni barabara iliyofunikwa na theluji. Hakuna barabara. Njia ya Iditarod, kwa sehemu yake kubwa, hupita juu ya mito, maziwa na vinamasi. Wakati wa joto hapapitiki. Mtu huzama mpaka kiunoni, na mbu wake nasikia ni balaa kubwa. Ni mpaka baridi ishike, maji yagande, theluji ianguke, na watu wa vijijini wapite na pikipiki zao za theluji wakaishindilia, ndipo njia huzaliwa. Wazee wetu wa majahazi hawatashangaa hata kidogo. Njia ya kwenda Arabuni nayo ilikuwa haipo mpaka pepo zigeuke, na nahodha aliyechelewa kidogo tu alikaa bandarini mwaka mzima akingoja.

Njia hiyo ni ya kale. Wenyeji, Waathabaska wa bara na Wainupiat wa pwani, walipita vipande vyake kwa biashara na kwa uwindaji kabla mgeni yeyote hajatia mguu. Kisha dhahabu ikaonekana. Mwaka 1908 serikali ilimpeleka bwana mmoja, Walter Goodwin, kuipima njia yote, na baada ya muda si mrefu ukazuka mji wa Iditarod wenye maelfu ya watu waliokimbilia dhahabu. Barua na mizigo vilikwenda kwa magari ya kuteleza yavutwayo na mbwa. Leo mji wa Iditarod ni magofu na upepo, lakini jina lake limebaki kwenye njia, na mwaka 1978 serikali ya Marekani iliitangaza kuwa njia ya historia ya taifa.

Najua habari za mbwa hazinogi sana barazani kwetu, lakini hapa hazina budi kutajwa. Mwezi wa Januari 1925 ugonjwa wa dondakoo uliingia Nome na kuanza kuua watoto. Bandari imefungwa na barafu, ndege za wakati ule haziwezi baridi ile, na daktari wa mji, Curtis Welch, hana dawa ya kutosha. Dawa ikapelekwa kwa reli mpaka Nenana, na kutoka hapo ikapokezanwa na waendeshaji 20 wa magari ya mbwa, maili 674, kwa muda wa siku tano na nusu hivi, ikafika Nome tarehe 2 Februari. Sehemu ya mwisho ya safari ile ndiyo hii wanayopita wenye baisikeli leo. Mwaka huo huo New York ikamjengea sanamu mbwa aliyeongoza kundi la mwisho, Balto, katika bustani ya Central Park. Mimi sina ugomvi na Balto. Lakini wengi katika waendeshaji wale walikuwa Waathabaska, watu waliozoea kupeleka barua usiku na mchana katika baridi ile, nao ukiuliza majina yao utamkuta mmoja katika mia anayeyajua. Mbwa kapata shaba, binadamu kapata kusahauliwa.

Na baisikeli? Watu husema ni wazimu wa siku hizi. Si kweli. Mwaka 1900 mji wa Dawson, upande wa Kanada, ulikuwa umejaa habari kwamba dhahabu imejaa katika mchanga wa pwani ya Nome. Watu wakaondoka wakati ule ule wa baridi, wenye mbwa kwa mbwa, wasio na mbwa kwa miguu. Bwana Ed Jesson alinunua baisikeli, akaondoka mwisho wa Februari akiufuata mto Yukon ulioganda, katika alama nyembamba iliyoachwa na magari ya mbwa. Baridi ilipozidi, grisi iliganda na magurudumu yakakataa kuzunguka. Naye alingoja jua lipate nguvu kidogo, akaendelea. Alifika Nome mwisho wa Machi.

Nyuma yake alikuwako kijana, Max Hirschberg, aliyeondoka Dawson tarehe 2 Machi. Huyu ndiye nimpendaye, kwa sababu nitakazozieleza. Alichelewa, na mwenye kuchelewa katika njia ya barafu hufukuzwa na masika. Barafu ilianza kulegea chini yake. Katika mto Shaktoolik alitumbukia na nusura afe maji, akapoteza na mfuko wake wa dhahabu. Kisha, akiwa amekaribia Nome, mnyororo wa baisikeli ukakatika. Hapana duka, hapana fundi. Basi kijana yule akachukua fimbo, akalitanua koti lake mgongoni, akageuka jahazi. Upepo wa nyuma ukamsukuma juu ya barafu, yeye ameshika usukani tu, mpaka akaingia Nome tarehe 19 Mei. Nilipowasimulia jamaa barazani, mzee mmoja aliyekuwa baharia aliuliza swali moja tu: "Upepo ulikuwa wa demani au wa joshi?" Nikamwambia lazima ulikuwa wa nyuma, la sivyo koti lisingalimfaa kitu. Akaridhika.

Mashindano ya baisikeli yalianza mwaka 1987, yakiitwa Iditabike, maili 200 tu, baadaye yakarefushwa na kubadilishwa majina. Safari ya kwanza ya mashindano mpaka Nome ilikuwa mwaka 2000, na haya tunayoyazungumza yalichukua sura yake ya sasa mwaka 2002, chini ya Bill Merchant na mkewe Kathi. Wale wa mwanzo walitaabika kweli kweli. Tairi la kawaida likikanyaga theluji huikata kama kisu na baisikeli ikazama, na mwenyewe akawa hampandi farasi wake bali anambeba. Watu wakaanza kubuni. Wengine walichukua rimu mbili wakazichomea pamoja ziwe gurudumu moja pana. Fundi mmoja wa Fairbanks, Simon Rakower, akatengeneza rimu pana za kuuzwa. Na huku, maelfu ya maili kusini, katika majangwa ya New Mexico na Mexico ambako theluji si shida ya mtu, Ray Molina alikuwa akitengeneza matairi manene kwa ajili ya kupita mchangani. Mwaka 1999 mtu wa mchanga na mtu wa theluji, Mark Gronewald wa Alaska, walikutana katika maonyesho ya baisikeli huko Las Vegas, na kila mmoja akaona mwenziwe ana nusu ya dawa. Mwaka 2005 kampuni ya Surly ikatoa baisikeli ya namna hiyo kwa bei ya mtu wa kawaida, nayo ikaenea dunia nzima.

Mtu wa Lamu ataielewa baisikeli hiyo mara moja. Mtazame punda anapopita mchanga mkavu wa Shela: kwato ni dogo, linazama, mnyama anahema. Kisha mkumbuke ngamia, unyayo wake mpana unaotanuka kila akikanyaga. Tairi la theluji ni unyayo wa ngamia. Lina upana wa nchi nne, hata tano, na upepo ndani yake ni mchache mno, hata ukilibonyeza kwa kidole gumba linaitika. Fundi wetu wa baisikeli wa mtaani, nilipomwonyesha picha, alisema tairi hilo limepasuka pole pole. Nikamwambia ndivyo linavyotakiwa liwe.

Hata hivyo tairi halimalizi kazi. Theluji ikiwa ngumu, wenye baisikeli wa mbele hufika McGrath kwa muda usiotimia siku mbili. Theluji mpya ikianguka kwa wingi, hawa hawa mashujaa hushuka na kusukuma baisikeli siku baada ya siku, na mara nyingine mwenye miguu, akikokota kigari chake kwa kamba iliyofungwa kiunoni, huwapita akiwaamkia. Napenda sana jambo hilo. Mwaka 2014 njia iliganda kama saruji, na Jeff Oatley wa Fairbanks akafika Nome kwa siku 10, saa 2 na dakika 53. Wenye miguu huchukua wiki tatu au zaidi. Muda wa mwisho ni siku 30. Tim Hewitt, mwanasheria wa Pennsylvania, amekwenda Nome kwa miguu mara nyingi kuliko mtu yeyote, hata mwaka 2014 kikatolewa kitabu juu ya safari zake. Mwanasheria! Nadhani alichoka na kelele za mahakamani.

Sasa baridi. Huko hufika nyuzi 40 chini ya sufuri, na hapo hakuna haja ya kuuliza kama ni Selsiasi au Farenhaiti, kwa kuwa vipimo viwili hivyo hukutana hapo hapo. Mimi nilidhani adui wa mtu katika baridi ni kuvaa nguo chache. Kumbe adui mkubwa ni jasho. Mtu akisukuma baisikeli kwa nguvu akatoka jasho, nguo zikalowa, kisha akasimama, maji yale huganda mwilini mwake. Kwa hiyo kazi ya siku nzima ni kuvua na kuvaa, kufungua zipu na kuifunga, kwenda kwa kasi ambayo haikutoshi kutoka jasho wala haikuachi uganda. Maji ya kunywa huwekwa ndani ya nguo karibu na kifua. Yakiachwa nje ni jiwe. Mtu akivua glavu kufunga kamba ya kiatu, huwa na muda mchache tu kabla vidole havijafa ganzi, na kidole kilichoganda mpaka ndani nyama yake hufa ikawa nyeusi, daktari akakikata. Wako waliorudi na vidole pungufu.

Liko na jambo la maji juu ya barafu. Mto ukiganda, maji ya chini hubanwa, yakatafuta mpenyo, yakapanda juu na kutandaa, halafu theluji ikayafunika. Mtu huona weupe mtupu mbele yake, akakanyaga, na mguu ukaingia majini mpaka gotini. Kulowa mguu kwetu ni nini? Huko, usipowasha moto au kubadilisha soksi upesi, mguu umekwenda. Na waandalizi wa mashindano hawamlazimishi mtu kubeba kifaa hiki wala kile. Humtazama kwanza alikotoka: lazima awe amekwisha kumaliza safari nyingine za baridi, na hakuna anayeruhusiwa kwenda Nome ambaye hajafika McGrath katika mwaka wa nyuma. Akikubaliwa, mzigo ni wake, akili ni yake. Hata njia hawamtilii alama, aitafute mwenyewe.

Hapo ndipo kutazama nukta kunapokuwa kazi ya moyo. Mtu asiyejua atadhani raha ni kuona nukta ya mbele inakimbia. Mimi siku hizi huitazama ile iliyosimama. Nukta ikisimama Yentna, au Skwentna, au ziwa la Puntilla, moyo hutulia, kwani najua hapo pana paa na jiko na supu. Lakini ikisimama katikati ya weupe, baina ya Puntilla na Rohn, pale njia inapopanda kwenye mlima wa Rainy Pass na upepo hushuka kama maji ya mfereji, huwa sijui. Pengine amelala ndani ya mfuko wake wa manyoya, pua tu nje, anaota. Pengine anachemsha theluji apate kikombe cha chai. Pengine ameketi anapigana na vidole visivyomtii. Ramani haisemi. Usiku mmoja nukta ya mwenye miguu, wa mwisho kabisa katika orodha, ilikaa pale saa saba. Nilikwenda sokoni nikarudi, ipo. Nilisali adhuhuri, ipo. Mke wangu akaniuliza huyo ni nani wetu. Nikamwambia si mtu wetu. "Basi kula wali umepoa," akasema. Karibu na alasiri nukta ikasogea, kidogo, kisha tena kidogo, ikaanza kuteremka upande wa pili. Wallahi nilifurahi kama niliyeletewa barua.

Ukiisoma ramani hiyo kwa miaka kadhaa unatambua kwamba safari nzima imeshikwa na milango. Chakula chao wanaruhusiwa kukitanguliza kwa ndege ndogo katika vituo vya njiani. Wale wa Nome hupeleka vifurushi kwa posta za vijijini na kuviokota wakipita. Lakini ndege na posta haziwezi kumkausha mtu soksi. Pale Nikolai, kijiji cha Waathabaska chenye kanisa la Kirusi, mshindani hutoka msituni baada ya siku na usiku wa upweke, na kuna wenyeji wanaowaingiza majumbani mwao wageni wasiowajua, wenye barafu ndevuni, wakawatengea mchuzi na mahali pa kulala sakafuni. McGrath kwa miaka mingi ilikuwako nyumba iliyowapokea wote wanaomaliza, usiku na mchana, jiko haliz imwi, sahani mezani. Mbele zaidi, kufuata mto Yukon na kisha pwani, wageni hulala katika madarasa ya shule. Watu hao hawashindanii chochote. Majina yao hayamo katika orodha ya washindi, na kijidude cha setilaiti hawana. Ndio lakini walioishindilia njia kwa pikipiki zao, wakienda kuwatazama jamaa wa kijiji cha pili au kukata kuni. Bila wao hakuna mashindano. Kuna watu wachache tu waliopotea thelujini.

Na mlango unaofunguka unaweza kufungwa, kwa haki. Machi 2020, maradhi ya korona yalipoanza kuenea, yale mashindano ya magari ya mbwa, ambayo hupita njia hii hii wiki moja nyuma ya baisikeli, yalikuwa katikati ya safari. Baadhi ya vijiji vya mwisho wa njia, Shaktoolik kimojawapo, vilisema wageni wasiingie mjini. Kituo kiwekwe nje. Wako waliolaumu, wakasema ukarimu wa Alaska umekwenda wapi. Ningependa mlaumu asome habari za Brevig Mission, kijiji kilicho kaskazini ya Nome. Novemba 1918 homa kuu ya dunia ilifika pale, na katika siku tano ikawaua watu 72 kati ya watu wazima 80. Homa ile ilisambaa vijijini kwa njia hizi hizi za theluji, pamoja na barua na wasafiri. Babu za hawa wa leo ndio waliozika, au waliozikwa. Mtu mwenye kumbukumbu ya namna hiyo akikwambia "ngoja nje", amekutendea wema na yeye amejitendea wema.

Wako washindani, nao si wengi, waliojaribu kwenda njia yote bila kuingia nyumba yoyote wala kupokea kifurushi, wakibeba kila kitu tangu Knik. Nawastahi kwa nguvu zao. Lakini sioni wamepata nini walichokikosa wenzao, isipokuwa mchuzi wa Nikolai.

Kuna hofu nyingine, nayo haitoki kwa watu. Njia inayozaliwa na baridi inahitaji baridi. Mashindano ya mbwa, kwa kukosa theluji na barafu ya kuaminika, yamelazimika kuhamishiwa Fairbanks, kaskazini zaidi, katika miaka ya 2003, 2015, 2017 na 2025. Mwaka 2016 theluji ya kufanyia sherehe ya ufunguzi katika mji wa Anchorage ililetwa kwa gari la moshi. Theluji kwa treni, Alaska! Hata ule mwaka 2014 niliousifu, baisikeli zilipokimbia kama kwenye lami, waendesha mbwa walikuwa wanavunjikiwa na magari yao juu ya ardhi tupu na mawe, wengine wakaumia. Neema ya huyu ikawa nakama ya yule. Na upande wa pwani, baada ya Shaktoolik, njia hukata juu ya bahari yenyewe, ghuba ya Norton, kwenda Koyuk. Katika majira ya baridi ya 2018 na 2019 barafu ya bahari ya Bering ilipungua kuliko ilivyopata kuonekana tangu setilaiti zianze kuipima. Machi 2020, baina ya White Mountain na Nome, waendesha mbwa watatu walikwama majini, ikabidi wachukuliwe na helikopta. Wenye miguu na wenye baisikeli hupita hapo hapo, na wao hawana mbwa wa kuwaonya.

Wazee wa vijiji hivyo huijua barafu kwa rangi na kwa sauti, kama nahodha ajuavyo mwamba kwa povu lake. Mgeni mwenye busara, akifika Shaktoolik, huuliza kwanza, hata kama ramani yake inamwonyesha mstari ulionyooka mpaka ng'ambo. Akiambiwa angoje siku moja, hungoja, na mimi huku Mombasa naiona nukta yake imekaa pale pale, nami naenda kulala.

Wanaofika Nome huingia kwa barabara ya Front Street, iliyo kando ya bahari, wakapita chini ya lango la gogo lililojengwa kwa ajili ya mashindano ya mbwa. Wengine hukuta watu wawili watatu wanawangoja. Wengine hukuta upepo tu. Nome haina barabara ya kuiunganisha na miji mikuu ya Alaska, wala McGrath haina, hivyo aliyekwenda kwa siku 20 hurudi kwa ndege, baisikeli imefunguliwa vipande ndani ya boksi. Nyuma yake alama za tairi hufukiwa na theluji ya usiku ule ule. Wanavijiji hupita tena asubuhi na pikipiki zao, wakaifungua njia kwa shughuli zao wenyewe, na huendelea kufanya hivyo mpaka jua lishinde. Ikifika Mei, vipande vingi vya njia hiyo ni maji, na watu wanatengeneza mashua.